Dogo anajua mpira, tuanzie wapi? Mwongozo kwa wazazi na makocha wa Mwanza, tukifuata njia aliyopita Lewandowski

Wikiendi yoyote ukipita Nyamagana, au viwanja vya shule kule Igoma na Buhongwa, hukosi kumkuta dogo wa miaka 14 au 15 anayefanya watu wasimame. Alafu baada ya miaka mitano unamuulizia unaambiwa mpira aliacha siku nyingi, yuko kisiwani kwenye dagaa, au alienda Dar kufanya majaribio akarudi kimya kimya. Mi nafundisha watoto huku Ilemela na hili jambo linaniuma sana, kwasababu wengi hawaachi kwa kukosa uwezo, wanaachia pale kati ya miaka 16 na 22, miaka ambayo hakuna mtu nyumbani wala mtaani anayejua hatua inayofuata ni ipi. Kwahiyo nimeandika huu mwongozo kwa ajili ya mzazi, kaka, mjomba, kocha wa mtaani, yeyote aliyeshika mkono wa dogo.

Mfano nitakaoutumia ni Robert Lewandowski wa Poland. Najua wengi mnamjua yule wa Bayern na Barcelona, mabao kibao, lakini mi nataka tumuangalie akiwa na miaka 17 mpaka 22, maana hapo ndo kuna somo letu, alipita daraja kwa daraja na kila daraja linaonekana wazi.

Njia yenyewe ilikuwa hivi

Kazaliwa Agosti 1988 Warsaw, kakulia Leszno, sehemu ndogo nje ya jiji. Baba yake alikuwa mcheza judo, mama yake mcheza voliboli. Akaenda kucheza Varsovia, timu ya vijana pale Warsaw. Mwaka 2005 baba yake akafariki, dogo ana miaka 16. Baadae akaingia timu ya akiba ya Legia Warsaw ambayo ndo timu kubwa ya mji, kama Simba au Yanga huku kwetu, akaumia, na 2006 Legia wakamuacha. Mwembamba, katoka kwenye majeraha, kaachwa na timu kubwa, miaka haijatimia 18.

Sasa sikiliza alichofanya. Alienda Znicz Pruszków, timu ya mji mdogo jirani na Warsaw, ipo daraja la tatu. Msimu wa 2006/07 akawa mfungaji bora wa daraja lile, mabao 15, timu ikapanda. Msimu wa 2007/08 wapo daraja la pili, akawa mfungaji bora tena, mabao 21. Hapo ndo Lech Poznań ya ligi kuu wakamchukua, 2008. Septemba mwaka huohuo akaitwa timu ya taifa, mechi ya kwanza dhidi ya San Marino akaingia toka benchi akafunga. Msimu wa 2009/10 mabao 18, mfungaji bora wa ligi kuu ya Poland, Lech mabingwa. Ndipo 2010 akaenda Borussia Dortmund, ana karibu miaka 22.

Hesabu vizuri hapo. Daraja la tatu, la pili, la kwanza, na kila alipohama alikuwa ameshawamaliza waliopo. Hakuruka hata moja. Na hapa kwetu Mbwana Samatta alienda hivohivo, African Lyon, Simba, alafu 2011 TP Mazembe kule Lubumbashi ambako alikaa mpaka Januari 2016, akiwa ameshachukua ubingwa wa Afrika 2015, ndo akaenda Genk ya Ubelgiji, na Aston Villa ikaja Januari 2020. Miaka minne na ushee Lubumbashi, watu walikuwa wanasema anachelewa.

Kitu cha kwanza: mtafutie sehemu anayocheza

Hili ndo naliamini kuliko yote kwenye huu mwongozo. Dogo wa miaka 16 mpaka 19 anahitaji mechi, mechi za kweli zenye refa na wapinzani wakubwa kuliko yeye, dakika 90, wiki hadi wiki. Kama kuna timu mbili zinamtaka, moja ina jina na jezi nzuri lakini atakaa benchi au hata benchi hafiki, nyingine ipo ligi ya mkoa haina hata basi lakini kocha anasema wazi nakuanzisha, mpeleke ya pili. Lewandowski angeng'ang'ania kuzunguka milango ya Legia pengine tusingemjua.

Mwanza tuna bahati, ngazi zote zipo karibu. Kuna UMITASHUMTA kwa shule za msingi na UMISSETA kwa sekondari, hizo usizidharau kabisa, watu wanaotafuta vijana wanazifuatilia. Kuna ligi ya wilaya, ligi ya mkoa chini ya MZFA (chama cha soka cha mkoa wetu), bingwa wa mkoa anaenda kupambana na mabingwa wa mikoa mingine, alafu First League, Championship, Ligi Kuu. Pamba Jiji wamerudi Ligi Kuu msimu wa 2024/25 baada ya kusota miaka zaidi ya 20, kwahiyo dogo wa Mwanza anaweza kupanda mpaka juu kabisa bila kuhama mkoa. Toto Africans, Mbao, Alliance nao wote washawahi kufika Ligi Kuu.

Ndondo je? Acheze, ndondo zinajenga roho, unacheza watu wamejaa mpaka kwenye mstari na beki ana miaka 30 hana huruma. Ila weka mpaka. Nimeona dogo anacheza ndondo tatu wiki moja kwasababu ya posho, viwanja vya mawe, Jumatatu anachechemea, na timu iliyomsajili ndo inaumia. Kama ana timu ya ligi, ruhusa ya kucheza ndondo iombwe kwa kocha kwanza, na siku mbili kabla ya mechi ya ligi hapana.

Utajuaje muda wa kupanda umefika? Kipimo changu ni kilekile cha Pruszków, awe miongoni mwa wawili watatu bora kwenye daraja alilopo, msimu mzima, sio mechi mbili alizowaka. Akishafika hapo kumuacha chini nako ni kumdumaza, mtafutie ngazi inayofuata mapema kabla hajazoea kuonewa huruma na mabeki.

Daftari

Nunua daftari la kawaida, counter book ndogo inatosha. Kila mechi dogo aandike mwenyewe usiku huohuo, kwa mkono wake. Nakuonyesha ukurasa mmoja ulivyo, wa winga wangu mmoja:

"Jumamosi. Ugenini Kisesa. Uwanja mkavu una vumbi. Nimeanza, nimetoka dk 74. Kulia. Tumetoka 2-1. Bao 0, pasi ya bao 1 (krosi ya chini). Beki wao mzito kugeuka, nimempita kwa nje mara nyingi, kwa ndani mara moja tu. Mguu wa kushoto sijatumia. Paja la kulia linavuta nikikimbia."

Ona kilichomo humo, dakika zipo, nafasi ipo, udhaifu anausema mwenyewe, na ule mstari wa mwisho wa paja ndo ulimfanya kocha ampumzishe wiki ile kabla msuli haujachanika. Baada ya msimu una rekodi ya mechi zote, mtu akikuuliza dogo kacheza ngapi kafunga ngapi hujibu "mengi tu", unafungua daftari.

Video nayo ni muhimu na watu wengi wanaikosea. Simu janja ya kawaida inatosha, shika kwa kulala, kaa juu, pale Nyamagana na Kirumba kuna majukwaa, kwenye viwanja vya shule panda hata kwenye kichuguu au mwamba, mawe tunayo ya kutosha Mwanza. Usimfuate dogo peke yake kwa karibu, onyesha na wenzake na mabeki, maana skauti anataka kuona anakimbilia wapi asipokuwa na mpira. Usiweke muziki. Klipu ya dakika 4 au 5, matukio bora mwanzoni, na uwe na mechi moja nzima pembeni maana anayejua kazi yake lazima ataiomba.

Mazoezi ya kufunga, namna ya Dortmund

Msimu wa kwanza Dortmund, 2010/11, mambo yalikuwa magumu kwa Lewandowski. Namba tisa alikuwa Lucas Barrios wa Paraguay, yeye akawa anaingia sabu au anachezeshwa nyuma ya straika, akamaliza ligi na mabao 8. Kocha wao Jürgen Klopp akawa anawekeana naye dau, ukifunga mabao 10 kwenye zoezi moja nakupa euro 50, usipofikisha unanipa wewe. Wiki za mwanzo Lewandowski ndo alikuwa analipa, baadae ikageuka. Msimu uliofuata Barrios akaumia, dogo akashika namba, mabao 22 ya ligi, na Mei 2012 fainali ya kombe dhidi ya Bayern akapiga hat-trick, 5-2.

Mambo ya dau la pesa kwa watoto sitaki, lakini kuhesabu tunaweza wote. Kila zoezi la kufunga liwe na namba. Mi nafanya hivi: mipira sita, au hata minne mkizunguka haraka, mtu mmoja pembeni anatoa pasi, dogo anaanzia na mgongo kwenye goli, anageuka, anapiga kwa mguso wa pili tu. Mguu wa kulia mara 10, wa kushoto mara 10, kichwa mara 10. Anaandika kwenye daftari ngapi zimeingia. Kushoto likisomeka 3 kila wiki kila mtu ameona kazi iko wapi, hakuna haja ya kumfokea. Ukiwa na nafasi ya mchanga pale ufukweni mfanyishe mbio fupi mara moja kwa wiki, sio zaidi, mchanga unajenga miguu ila unachosha sana kisigino.

Mwili

Hapa nitapita haraka. Lewandowski alikuwa mwembamba na makocha wengine walimuona hana mwili, mwili alikuja kuujenga taratibu akiwa mtu mzima. Kwahiyo dogo wa miaka 15 usimpeleke gym kunyanyua vyuma vizito. Kipa mwenzake wa Poland, Szczęsny, mwaka 2008 akiwa kijana Arsenal, vyuma vilimuangukia gym akavunjika mikono yote miwili, na huyo alikuwa kwenye klabu yenye wataalamu wote. Pushapu, kuruka, kupanda milima, na Mwanza milima ipo bure.

Chakula tunacho jamani. Dagaa, sato, maharage, ugali, mchicha, ndizi, parachichi, maziwa. Tatizo kubwa ninaloliona ni kucheza na njaa, mtoto anatoka shule saa tisa hajala tangu asubuhi anakuja mazoezini saa kumi. Mfungie hata viazi vitamu viwili na chupa ya maji safi. Na akiumia, barafu, pumziko, akishindwa kukanyaga apelekwe hospitali, hizo habari za kukandwa na maji ya moto dakika ileile alipoumia tuziache.

Shule asiache. Lewandowski mwenyewe alirudi akamaliza digrii yake ya elimu ya michezo mwaka 2017, yuko Bayern, ana kila kitu.

Makaratasi, hapa ndo vijana wetu wanafia

Cheti cha kuzaliwa cha RITA kiwepo kabla hajafikisha miaka 12. Jina liandikwe vilevile kwenye cheti cha kuzaliwa, cheti cha shule, kadi ya usajili na baadae pasipoti, herufi kwa herufi. Kama kwenye cheti ni Emanuel na shule wameandika Emmanuel, rekebisha sasa hivi wakati ni kazi ya siku chache, usisubiri siku timu inataka viza ndani ya wiki mbili.

Umri usikatwe. Najua kuna watu watakwambia mpunguzie miwili acheze Serengeti Boys. Tangu 2009 FIFA wanatumia kipimo cha MRI (picha ya mifupa) cha kifundo cha mkono kwenye mashindano ya U17 na CAF nao wanapima, mfupa ukishafunga unaonekana. Na hata asipokamatwa, unamlazimisha mtoto kuishi na uongo kwenye kila karatasi maisha yake yote, siku moja utamkuta ubalozini.

Tatu, dogo asajiliwe kihalali TFF kupitia timu yake, kila msimu, kuanzia miaka 12. Makocha wenzangu wa mtaani hili ni letu kabisa. Mchezaji akiuzwa kutoka nchi moja kwenda nyingine akiwa na mkataba, asilimia 5 ya ile pesa inagawiwa kwa timu zilizomlea kati ya miaka 12 na 23. Mgao ni asilimia 0.25 kwa kila msimu wa miaka 12 mpaka 15, na 0.5 kwa kila msimu wa 16 mpaka 23. Tuchukulie dogo wako uliyemlea misimu minne, kuanzia 12 mpaka 15, ameuzwa euro milioni 1. Wewe unapata asilimia 1, euro 10,000. Hizo ni mipira, daluga na nauli za watoto wa mtaa mzima kwa miaka. Pia kuna fidia ya mafunzo anaposaini mkataba wake wa kwanza wa kulipwa nje ya nchi. Lakini hulipwi kwa hadithi kwamba "huyu nimemtoa mimi", unalipwa kwasababu jina lake lilisajiliwa kwenye timu yako na timu yenyewe inatambulika. Bila usajili hela inaenda kwingine au inabaki hukohuko.

"Kuna mtu anampeleka Ulaya"

Mzazi, hapa tulia usome mara mbili.

Kanuni ya FIFA inasema mchezaji chini ya miaka 18 haruhusiwi kuhama nchi kwenda kusajiliwa timu nyingine. Zipo hali chache zinazoruhusiwa, mfano wazazi wamehamia nchi hiyo kwa sababu zao zisizohusu mpira. Sasa mtu atakwambia mbona Szczęsny aliondoka Legia kwenda Arsenal ana miaka 16, 2006? Ni kweli, na ni kwasababu Poland iliingia Umoja wa Ulaya 2004, na ndani ya Umoja wa Ulaya kijana wa miaka 16 anaruhusiwa kuhama nchi. Kijana wa Mwanza haruhusiwi. Kwahiyo mtu akija sebuleni kwako anasema dogo wako wa miaka 16 ana timu Poland, Ureno, sijui Uturuki, tayari anasaini mwezi ujao, huhitaji ushahidi mwingine, huyo anakudanganya.

Akiwa na miaka 18 na kuendelea fanya hivi. Muulize namba ya leseni yake ya uwakala ya FIFA, alafu ingia mwenyewe kwenye tovuti ya FIFA utafute jina lake. Barua ya mwaliko akikuletea, usipige namba iliyo kwenye barua, nenda tovuti rasmi ya hiyo klabu, chukua anwani yao, waandikie waulize kama wanamjua. Watumie na TFF. Na hela, hapa ndo pa kumjua mtu, wakala wa kweli analipwa asilimia baada ya mkataba kusainiwa, hakuombi milioni tatu ya fomu, laki nane ya viza, laki tano ya kumpoza mtu wa ubalozini. Akisema uza kiwanja, mfungulie mlango aondoke. Viza ya matembezi nayo ni hatari, ikiisha dogo yupo baridini hana timu, hana nauli, hana anayemjua.

Mkataba wa kwanza

Hata wa hapahapa nyumbani. Usisaini siku unayopewa. Lala nao. Angalia unaisha lini, chini ya miaka 18 FIFA haitambui mkataba unaozidi miaka mitatu. Angalia mshahara umeandikwa au ni ahadi ya mdomo, matibabu akiumia nani analipa, nyumba na nauli, na kuna kipengele gani cha kuondoka. Mtafute mwanasheria hata kijana aliyetoka chuo juzi pale SAUT, akusomee kila kifungu. Nakala moja ibaki kwenu, nzima, kurasa zote zimesainiwa. Mkataba na wakala hivohivo, usizidi miaka miwili.

Akishafika huko

Tuseme kila kitu kimeenda sawa, ana miaka 20 na timu nje. Lugha aanze miezi kabla ya safari, maneno ya uwanjani kwanza, nyuma yako, geuka, acha, mtu. Kuna kijana mwingine wa Poland, Kacper Kozłowski, Juni 2021 akiwa na miaka 17 alicheza Euro dhidi ya Hispania akawa mdogo kuliko wote waliowahi kucheza Euro mpaka wakati huo. Mwaka mmoja kabla ya hapo alikuwa kapona ajali ya gari iliyomvunja uti wa mgongo, kwahiyo roho anayo. Januari 2022 Brighton ya Uingereza wakamchukua, na wakampeleka moja kwa moja mkopo Ubelgiji, baadae Uholanzi, mwisho akauzwa Uturuki 2024. Bado ni mchezaji mzuri, ila ile namba aliyokuwa nayo nyumbani Pogoń Szczecin hakuipata England. Mi namuombea, na nikimuangalia nazidi kuamini dakika za kucheza zina thamani kuliko jina la klabu kwenye jezi.

Szczęsny naye Arsenal walimpeleka mkopo Brentford, daraja la tatu la Uingereza, msimu wa 2009/10, akadaka kila wiki, alivyorudi Desemba 2010 akaanza mechi yake ya kwanza ya Ligi Kuu ya Uingereza kule Old Trafford. Mkopo kwenda chini haujamshusha mtu.

Kwahiyo dogo akipiga simu nyumbani, baada ya salamu na baridi na chakula, muulize wiki hii umecheza dakika ngapi, na kama ni timu ya akiba muulize na hiyo. Mwambie daftari aendelee nalo hukohuko. Msimu wa kwanza benchi ni kawaida, Lewandowski alikaa. Ila kama imefika Desemba na daftari lina sifuri mfululizo hata kwenye timu ya akiba, mpigie wakala wewe mwenyewe, umuulize habari ya mkopo kabla dirisha la Januari halijafungwa.